TAHADHARI: Snoubodi ya "asimetriki" Denver, nimepigwa dola 280

Wadau mnaoteleza huku Colorado, hasa mnaotafuta snoubodi (mbao za kutelezea kwenye theluji) za mtumba, someni hii kabla hamjatuma hela.

Mwezi uliopita niliona tangazo la snoubodi asimetriki, yaani pande zake mbili hazijachongwa sawa, urefu sentimita 155, ya kuzunguka nayo mlima mzima na kurukia pia. Imepigwa picha juu ya zulia jekundu. Bei dola 280, wakati mpya za aina hiyo huchezea 500 na kuendelea. Nilikuwa naitamani kwa sababu kona za kisigino, yaani kugeuka ukiegemea visigino, zinanishinda. Ukilalia vidole, kifundo na goti vinakunja kukusaidia. Ukilalia kisigino, msaada huo huna. Ndiyo maana kwenye asimetriki upande wa kisigino huchongwa ukaingia ndani zaidi, ubao ugeuke upesi bila kuulazimisha.

Tulikutana kwenye maegesho ya duka, saa moja usiku, baridi kali. Jamaa hakuzima hata gari. Akaniomba nimtumie kwa simu, na jina lililotokea halikuwa lake, eti la shemeji. Nami na umri wangu huu nikatuma.

Jumamosi niko Loveland, mlima wa kuteleza huku Colorado, mteremko wa tatu, naona mchoro umebenjuka kwenye pua. Nikauvuta kwa kucha. Stika! Stika moja, kutoka pua hadi mkia. Chini yake ubao mweusi uliochakaa, una namba kubwa nyeupe kama wanazoandika kwenye mbao za kukodisha, na karibu na baindingi (kishikio cha buti) ya nyuma kuna ufa uliojazwa gundi. Mbuzi kwenye gunia kabisa.

Nyumbani nikapima, jambo ambalo ningelifanya palepale maegeshoni kwa dakika mbili. Chukua uzi, uvute ukaze kutoka sehemu pana ya mbele hadi sehemu pana ya nyuma, kwenye ukingo wa chuma. Katikati pima nafasi kati ya uzi na ukingo. Geuza upande wa pili, pima tena. Kwenye asimetriki iliyochongwa hivyo, namba hizo mbili lazima zitofautiane, hata kama ni milimita mbili tu, ndiyo maana kwa macho huoni kitu. Yangu ilikuwa 22 huku, 22 kule. Pitisha na kidole kwenye kona za mchoro: wa kiwandani umo ndani ya ubao, haushiki kucha.

Benki wananiambia nilituma mwenyewe kwa hiari yangu, hivyo imekula kwangu. Simu yake haipatikani, akaunti imefutwa.

Sasa jana usiku napekua matangazo, nakutana na "asimetriki 155, haijatumika sana". Mara hii yuko Aurora, mji wa jirani na Denver, bei 310, jina la kike. Zulia ni lile lile jekundu.