Kansas City: Jumba Linalomchelewesha Mgeni kwa Makusudi

Mgeni anayeingia katika Negro Leagues Baseball Museum, jumba la makumbusho lililoko mtaa wa 18th na Vine mjini Kansas City, jimbo la Missouri, huonyeshwa kwanza mahali ambapo hawezi kufika. Mbele yake upo uwanja mdogo wa besiboli, na ndani yake wachezaji wa shaba nyeusi, wenye kimo kinachokaribia cha mtu, wamesimama kila mmoja katika nafasi yake: Satchel Paige katikati akiwa tayari kurusha, Josh Gibson akisubiri kudaka, Martín Dihigo ameshika gongo. Kati ya mgeni na uwanja huo umewekwa wavu wa waya, ule ule tunaozungushia mabanda ya kuku. Kando ya wavu amesimama Buck O'Neil, mchezaji na kocha wa zamani, naye wa shaba, akiutazama mchezo. Mlango wa kuingilia uwanjani uko mwisho wa ziara, na kuufikia ni lazima kupita historia nzima ya ligi za besiboli za watu weusi, waliobaguliwa na ligi kuu za Marekani, kuanzia karne ya 19 hadi zilipokufa katika miaka ya 1960.

Mpangilio huo ndio ulionifanya nilipatie jumba hili alama za juu kuliko makumbusho mengine ya michezo, ambayo mara nyingi huwa ni makabati ya vikombe na jezi yaliyopangwa bila kusema jambo. Hapa hata mwendo wa miguu una maana.

Jambo moja lifahamike mapema, kwa kuwa wageni wengi hulichanganya. Jumba hili, lililoanzishwa mwaka 1990, si Ukumbi wa Heshima wa besiboli, yaani mahali wanapoenziwa watu bora wa mchezo huo baada ya kuteuliwa. Ukumbi huo uko Cooperstown, jimbo la New York, na ulipofunguliwa mwaka 1939 hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika ligi kuu za Marekani. Waanzilishi wa Kansas City wangeweza kujijengea ukumbi wao wa kuwaenzi watu wao, lakini walikataa, wakishikilia kwamba mahali pa wachezaji hao ni Cooperstown pamoja na wenzao. Badala yake wametenga sehemu yenye makabati yanayofanana na yale ya chumba cha kubadilishia nguo, kwa ajili ya wale ambao hatimaye walipokelewa kule.

Mbele ya makabati hayo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, nikiwatafuta Kansas City Monarchs, timu ya mji huu katika ligi za weusi. Orodha yao ni ndefu. Jackie Robinson aliichezea Monarchs mwaka 1945, miaka miwili kabla ya kuuvunja ubaguzi wa ligi kuu, na akaingia Cooperstown mwaka 1962. Ernie Banks alifuata mwaka 1977. Paige mwenyewe aliteuliwa mwaka 1971, na wazo la awali lilikuwa kumweka yeye na wenzake wa ligi za weusi katika sehemu yao ya pembeni, mpaka malalamiko ya watu yalipolazimisha apewe nafasi sawa na wengine. Ukilisoma hilo huku wavu ule bado unaonekana upande wa pili, huhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ninayemhurumia mimi ni Hilton Smith, mrushaji mwenzake Paige katika Monarchs. Watu walilipa kiingilio kumwona Paige, kwa hiyo mara nyingi Paige alirusha vipindi vitatu vya mwanzo ili watazamaji waridhike, kisha Smith akaingia kuimaliza kazi. Wapo wapigaji waliokiri kwamba Smith ndiye aliyewasumbua zaidi. Alifariki mwaka 1983 na kuteuliwa mwaka 2001. Mmiliki wa timu, J. L. Wilkinson, mzungu aliyeheshimiwa sana na wachezaji wake, alisubiri hadi mwaka 2006, ingawa alikuwa ameanza kuzunguka na taa za kubebwa kwenye malori na kuchezesha mechi za usiku mwaka 1930, miaka mitano kabla ya ligi kuu kuthubutu kufanya hivyo.

Mwaka huo huo wa 2006 kamati maalumu iliteua watu 17 wa ligi za weusi kwa mpigo. O'Neil, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Monarchs na mtu aliyelihangaikia jumba hili kuliko yeyote, hakuwamo. Alikuwa na umri wa miaka 94. Alikubali kwenda Cooperstown mwezi Julai kuzungumza kwa niaba ya wale 17, ambao wote walikuwa wameshafariki, akaufanya umati uimbe pamoja naye, na mwezi Oktoba akafariki. Jina lake liliingizwa mwaka 2022.

Asiyeujua mchezo huu asiogope, ila ni vyema ajifunze kwanza kazi ya mrushaji, mdakaji na mpigaji, kwani maandishi ukutani ni ya Kiingereza na hayana nafasi ya kufundisha kanuni. Filamu fupi ya mwanzo, inayosimuliwa kwa sauti ya James Earl Jones, isirukwe. Tenga saa mbili, au nusu siku iwapo utaingia pia makumbusho ya muziki wa jazi yaliyo katika jengo hilo hilo. Ukitoka, tembea hadi jengo la zamani la Paseo YMCA lililo karibu, ambako Rube Foster na wamiliki wenzake wa timu za weusi walikutana mwezi Februari 1920 wakaunda ligi yao, Negro National League.

Na ukifika uwanjani mwishoni, usiharakishe kupiga picha na Paige kama wafanyavyo wengi. Simama kwanza mahali pa mpigaji, kisha geuka uutazame wavu ukiwa upande huu.