Sabuni za kina mama wa Mikindani: povu hata kwa maji ya kisima

Anayeishi Mtwara anajua, maji ya visima vya huku pwani yana chumvichumvi. Unachukua sabuni ya dukani unasugua weee mpaka bega linauma, povu hamna, beseni linabaki na utando tu.

Sasa nikapita Mikindani, kuna ushirika wa kina mama wanatengeneza sabuni kwa mkono, mafuta ya nazi na mwani wa huku huku. Nikaamkia, nikaomba za mchaichai vipande vitano. Mama akaziminya kidogo pale kwenye shelfu, "Hizi bado mwanangu, zina wiki mbili tu, njoo mwisho wa mwezi." Yaani na hela nimeshika mkononi! Nikaona ananizungusha, ila akanielewesha kwamba ukishachanganya mafuta na kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, na kukata vipande unaziacha wiki 4 mpaka 6 zikauke ziwe ngumu, na ukali upungue. Nikakumbuka ile niliyowahi kuuziwa stendi ikanibabua shingo wiki nzima, kumbe ndo zile za kukatwa leo kuuzwa leo.

Nikabeba za mwani, ndo zilikuwa tayari, elfu tatu kipande. Ni bei, sikatai. Mama anasema wakulima wa mwani na wenye nazi wanalipwa bei waliyokubaliana hata soko likishuka, ndo biashara ya haki yenyewe. Hilo siwezi kulihakiki, ila sabuni nimeihakiki mwenyewe bafuni.

Povu jamani! Kwa maji yale yale. Kumbe ya nazi ndo ilivyo, hata kwa maji ya bahari inatoa povu. Na ngozi haipauki, maana gliserini yake inabaki humo humo, viwandani mara nyingi wanaitoa wanauza pembeni.

Ubaya wake: inayeyuka. Watoto waliiacha kwenye beseni usiku, asubuhi nikakuta rojo. Mi nimetoboa kifuniko cha ndoo naiweka juu yake. Harufu nayo haikai, karatasi inagandia kwenye sabuni, na tarehe ya kukatwa hawaandiki, sasa mteja asiyekutana na mama yule atajuaje kama imeiva?

Mwisho wa mwezi nikarudi kufuata zangu za mchaichai, zimebaki mbili tu, watalii wamebeba.