Sungura anayelia ukitaka kuzima kompyuta

Jina la mchezo silitaji, lakini mzazi mwenye mtoto wa chekechea na kompyuta nyumbani huenda ameshakutana nao, au na ndugu zake. Kuna sungura mwenye masikio marefu, anamfundisha mtoto irabu, halafu silabi, halafu kuhesabu hadi ishirini. Ukitaka kutoka, sungura analia. Anajifunika uso kwa masikio, machozi yanamtiririka, anauliza kwa sauti ya kitoto, "Unaniacha peke yangu?" Kitufe cha kuendelea ni kikubwa na cha kijani. Cha kutoka kimewekwa pembeni, kijivu, kidogo kiasi kwamba hata mimi kwanza nilikitafuta.

Binti yangu ana miaka minne. Siku aliposikia maneno yale aliniangalia kana kwamba nimempiga mtu. Akaanza kulia na yeye. Chakula cha jioni hakikulika. Wakati wa kulala bado ananiuliza, "Mama, sungura amelala na nani?" Nikadhani yatapita. Hayakupita. Kila jioni tukifika saa ya kuzima ni kilio kilekile, wawili wanalia, mmoja ndani ya kioo na mmoja mapajani mwangu.

Waliotengeneza mchezo huu niwape haki yao. Silabi wanafundisha vizuri. Msomaji wa sauti ni Mswahili kweli, "dha" anaitamka "dha" na "gha" ni "gha", na hawakumchanganya mtoto kwa kumwimbisha alfabeti ya Kiingereza kama michezo mingi inavyofanya. Wanaanza na a, e, i, o, u, mtoto akizishika wanamletea ba, be, bi, bo, bu, na hapo mambo yanakwenda haraka, kwa sababu herufi zetu hazibadiliki sauti kutoka neno moja hadi jingine. Baada ya wiki chache binti yangu alisoma "baba" kwenye kalenda ya ukutani bila kuulizwa. Nilifurahi mpaka nikapiga simu kwa bibi yake. Kwa hiyo nilipokaa kuandika tathmini hii nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu. Tuendelee.

Tulianza na toleo la bure. Humo sungura analia pia mtoto asipofungua sanduku lenye kufuli, na ndani ya sanduku kuna silabi zinazofuata, ambazo ni za kulipia. Yaani mtoto asiyejua hata sarafu ni nini anaombwa fedha kwa machozi. Nikalipa ya mwaka mzima ili hayo yaishe. Kufuli zikafunguka. Kilio cha kutoka kikabaki palepale.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza nusu, akaniambia, "Mama, hicho ndicho kinachowafanya watoto warudi. Wenzako wanapenda." Nikamwambia mwanangu hapati usingizi. Akajibu, "Basi mzimie sauti." Nimzimie sauti mchezo wa kufundisha sauti za herufi! Nikamwomba aniunganishe na mkubwa wake, akasema mkubwa wake atanijibu yaleyale, akanitakia siku njema na kukata. Sauti ya kijana huyo ninayo masikioni hadi leo. Hata samahani hakusema.

Ndipo nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua kama ni mimi ninayedekeza mtoto. Si mimi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi wa programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka 5 kushuka chini. 129 kati yake zilikuwa na matangazo ya namna moja au nyingine, na walikuta wahusika wanaonuna au kulia mtoto asipobonyeza vitu vya kununua. Kumbe ni jambo linalojulikana. Kuna mtu mzima aliyekaa mezani akachora machozi yale akijua yataangukia kwa nani. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Nitaifuata vipi saa hiyo moja, wakati mchezo wenyewe unamgeuza mzazi kuwa mkatili kila anapojaribu kuifuata?

Na wasiniambie haiwezekani kutengeneza kitu cha Kiswahili kilicho safi. Imewezekana, tena hapahapa kwetu. Kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, watoto karibu 3,000 katika vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa mwaka 2019, na programu zote tano zilizofika fainali zimeachwa wazi ili yeyote azitumie. Watoto wale walijifunzia vijijini, mwalimu hayupo, na hakuna aliyekuwa akiwauzia kitu.

Sisi tumehamia GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia, ya bure, ya watoto wa miaka 2 hadi 10, ipo tangu mwaka 2000. Haina matangazo, haina duka. Kuna zoezi moja mtoto anasogeza kipanya juu ya vipande vya rangi, vinafutika, chini yake anatokea mnyama. Binti yangu alishika kipanya vizuri kupitia zoezi hilo, kazi ambayo sungura hakuigusa kabisa. Ukifunga, inafunga. Kimya. Mara ya kwanza binti yangu alisubiri kidogo mbele ya kioo, akaona hakuna anayelia, akashuka kwenye kiti akaenda kucheza nje.

Turudi kwenye nyota. Zile tatu nimeziondoa nilipofika kwenye simu ya yule kijana, nikaacha moja kwa ajili ya msomaji wa silabi, ambaye kazi yake ni nzuri na hana kosa. Lakini fomu hainiruhusu kumpa yeye peke yake, na kila nikiikumbuka ile "unaniacha peke yangu" mkono unakataa. Sitoi hata hiyo moja. Wakiondoa machozi, yote mawili, ya kufuli na ya kutoka, nitarudi kuandika upya na nitawapa nne bila kinyongo, kwa sababu silabi zile zinastahili. Barua pepe ya kudai fedha za mwaka nimeshatuma. Nimejibiwa na mashine tu, kwamba maoni yangu yamepokelewa.