TAHADHARI: Nimeingizwa mjini na muuza "programu ya mtandao"

Jamani nimepigwa. Sh 70,000, mchana kweupe, Kariakoo, na mtu aliyenivutia kiti na kuniagizia soda.

Mnajua ninavyohangaika na ile laptopu. Posta ofisini inapewa IP (namba yake ya kwenye mtandao) yenyewe. Vingunguti ghalani hakuna cha kuigawia, lazima niandike kwa mkono, na tarakimu moja ikikosewa printa haionekani, madereva wananipigia honi getini. Kwa hiyo nilipoona kwenye stetasi yake programu "inayobadili mtandao yenyewe kila ufikapo kazini", nikajua Mungu kanisikia.

Na alinionyesha! Akachomeka waya wa dukani, ukurasa ukafunguka. Akachomoa, akawasha hotspoti ya simu yake, ukafunguka tena. "Umeona, dada? Imejibadili yenyewe." Nami natikisa kichwa kama kondoo. Laptopu yoyote inafanya vile bila programu! Lakini mtu ana fremu, ana vijana wawili wenye fulana za nembo, na mteja pale pembeni anamwita "mwalimu". Ungekuwa wewe ungekataa? (Huyo mteja naye sasa simwelewi.)

Akasema nizime antivairasi, "zinagombana". Nikazima. Akaomba paswedi. Nikampa. Msinitukane, nimeshajitukana.

Jumatatu ghalani, hewa. Nampigia: "Leseni imeisha, dada, ongeza 30,000." Siku ya tatu hiyo! Kijana wetu wa IT akaifungua "programu" kwa Notepad: mistari minne ya netsh, amri ya Windows ya kupanga mtandao, basi. Tena DNS, ile inayoiambia laptopu tovuti iko wapi, imeelekezwa kwenye anwani tusiyoijua, kwa hiyo angeweza kunipeleka kwenye kurasa bandia. Leo nimeshinda nabadili paswedi za benki na barua pepe.

Kinachoniuma zaidi, Windows inayo hiyo kitu bure. Kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya IPv4, ukichagua IP ijitafute, kinatokea kichupo cha pili kimeandikwa Alternate Configuration. Unaweka IP ya ghala humo. Ikikosa wa kuipa, inatumia hiyo. Kijana alimaliza kwa dakika mbili, bila soda.

Risiti hakunipa, na jina lililotokea nilipolipa kwa simu lilikuwa la mwanamke. Nikaliona nikalipa! Huyu asirudishe hela tu, alale ndani, na vijana wake na fulana zao. Polisi nimeshafungua jalada. Fremu leo imefungwa. Aliyewahi kuuziwa naye aje inboksi twende wote.