Jordan za mitumba Goma: ipi ya kuchezea, ipi ya kuvalia harusini

Muuzaji wa viatu vya Jordan mtaani Birere, hapa Goma, haanzi na bei, anaanza na historia. "Hii ndiyo aliyovaa siku ile ya homa." "Hii ndiyo waliyoipiga marufuku." Historia zenyewe nyingi ni za kweli. Michael Jordan, ambaye Nike ilivipa viatu hivi jina lake, alitwaa ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mara 6 na Chicago Bulls, mara zote 6 akawa mchezaji bora wa fainali, akaongoza ufungaji wa ligi misimu 10, na wastani wake wa pointi 30.1 kwa mchezo katika msimu wa kawaida haujapitwa hadi leo. Ila anayetaka kukimbia na kuruka kwenye saruji ya Goma ananunua soli, gundi na umri wa kiatu. Hapa tunaangalia namba za aina zinazokutwa mara kwa mara kwenye marobota: 1, 4, 11 na 12.

Anza na kibandiko cha ndani, nyuma ya ulimi au ukutani. Kina saizi, tarehe mbili za kutengenezwa (kuanza na kumaliza), na kodi, yaani namba ya utambulisho, yenye tarakimu 6, kistari, kisha 3. Zile 6 ni za aina, 3 za mwisho ni za rangi. Kwa matoleo mengi ya wanaume, 555088 ni Jordan 1 ya shingo ndefu, 308497 ni 4, 378037 ni 11, 130690 ni 12. Matoleo ya karibuni huanza na herufi mbili, kwa hiyo usikikatae kiatu kwa sababu hiyo tu. Andika kodi nzima kwenye simu uone picha: ikija rangi tofauti na iliyo mkononi mwako, ni feki. Kibandiko kikiwa kimekatwa, huna njia ya kujua umri, na umri ndio utakaokuumiza. Tena, jozi mpya ya 11 au 12 Marekani inazidi dola 200. Anayekuuzia "mpya, orijino, na boksi lake" kwa dola 40, mwachie.

Namba 4 ndiyo inayodanganya zaidi. Ilibuniwa na Tinker Hatfield, na ndiyo Jordan aliyovaa tarehe 7 Mei 1989 alipowamaliza Cleveland kwa mpira wa sekunde ya mwisho, 101 kwa 100, mchezaji wao Craig Ehlo akiwa hewani mbele yake. Kwa macho ni nzuri kuliko zote. Tatizo liko kwenye povu la katikati, kati ya ngozi na soli ya chini, ambalo ni la poliyurethani. Unyevu wa hewa huvunja povu hili polepole kutoka ndani, hata kiatu kisipovaliwa. Kukitunza kabatini hakukiokoi. Goma tuko kando ya Ziwa Kivu na mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo jozi iliyopita miaka 10 ipime kwa mashaka. Namba 3, 5 na 6 zina ugonjwa huohuo.

Kupima hakuchukui dakika mbili. Bonyeza povu kwa kucha ya kidole gumba, karibu na kisigino na pale mguu unapokunjika. Povu zima linarudi. Lililooza linabaki na shimo, au rangi inapasuka na unga unatoka. Kisha kunja kiatu mbele mara kadhaa ukiwa umekisogeza sikioni. Ukisikia kukatikakatika, rudisha. Angalia pia mabawa ya plastiki yanayoshika kamba, maana yakizeeka hukatika, na hayapatikani kwa kununua moja moja. Muuzaji atasema gundi itamaliza kila kitu. Haitamaliza: gundi inashika povu, na povu lenyewe ndilo linalosagika. Dawa pekee ni kubadilisha povu zima, kazi ambayo gharama yake inaweza kupita bei ya kiatu.

Namba 1 ya mwaka 1985, kazi ya Peter Moore, iliuzwa dola 65 na ndiyo iliyobadilisha biashara nzima ya viatu. Nike ilikuwa imemfunga Jordan kwa mkataba wa karibu dola 500,000 kwa mwaka, kabla hajacheza mchezo hata mmoja wa NBA. Habari ya marufuku ina msingi, kwa sababu NBA iliandika barua Februari 1985 kuhusu kiatu chekundu na cheusi, lakini wanaofuatilia mambo haya wengi wanakubaliana kwamba kilikuwa kiatu kingine, Nike Air Ship. Usiongezewe bei kwa barua isiyokihusu kiatu unachonunua. Kwa uimara namba 1 inastahili sifa: soli yake ni bakuli la mpira lililoshonwa kwa uzi kuzunguka, haibanduki ovyo, na fundi viatu yeyote anaweza kuishona upya. Kwa kuchezea ni bapa, ngumu, na mfuko wa hewa uko kisigino tu. Ukiruka mara nyingi kwenye saruji, magoti ndiyo yatakayolipa. (Jordan mwenyewe alivunjika mguu katika mchezo wa 3 wa msimu wa 1985-86 akakosa michezo 64, hatusemi kiatu ndicho kilichomvunja.) Ni kiatu cha harusi, cha kanisa, cha picha.

Namba 11 ni ya msimu wa 1995-96, ule wa ushindi 72 na vipigo 10. Ndani ina bamba la nyuzi za kaboni linalozuia kiatu kujipinda katikati, na povu lake halisagiki kama la 4. Lakini ile soli inayoonyesha ndani ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya mbao. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linaijaza mifereji, inateleza, na changarawe inailamba haraka chini ya kidole gumba. Ngozi inayong'aa nayo hupasuka kwenye mkunjo, na ufa huo hauzibiki. Kama una ukumbi wenye sakafu safi, nunua.

Ya kununua kwa ajili ya saruji ni 12. Ni nzito, hilo lisemwe mapema, na wachezaji wepesi wa pembeni wataisikia robo ya nne. Lakini ngozi yake ni nene, soli ni mpira mgumu, na povu linavumilia miaka. Hii ndiyo ya ile siku ya homa, tarehe 11 Juni 1997 huko Utah, pointi 38 mwili ukiwa mgonjwa. Kuna historia nyingine ya msimu huohuo ambayo wauzaji wetu hawaisimulii: kwenye mchujo dhidi ya Atlanta, Jordan alipiga danki juu ya Dikembe Mutombo, kisha akamtingishia kidole, ishara ya Mutombo mwenyewe, akapewa faulo ya kiufundi. Labda wananyamaza kwa kuwa aliyefungwa ni wetu. Wasione aibu. Mutombo alizaliwa Kinshasa, alikuwa mlinzi bora wa ligi mara 4, na kwa mitupo 3,289 aliyoizuia yuko nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake.

Udhaifu wa 12 ni gundi. Ikizeeka, soli inaachia kuanzia puani, na hilo linatengenezeka. Mwambie fundi akwangue gundi ya zamani yote, apige msasa pande zote mbili, afute vumbi, kisha apake gundi ya viatu nyembamba kila upande na kungoja dakika 10 hadi 15 mpaka ikiguswa inanata bila kulowesha kidole. Apake mkono wa pili, angoje tena, apashe joto kidogo, abane kwa nguvu na kuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli kwa saa 24. Gundi ya tone tone inayokauka papo hapo (super glue) usikubali: inakuwa ngumu kama kioo na kupasuka siku ya kwanza ya mchezo. Wakitaka kushona, waishie ukingoni mwa pua. Ndani ya soli ya 11 na 12 kuna mfuko wa hewa, na sindano ikiutoboa kiatu kinazama upande mmoja. Kuna wanaonunua jozi iliyokwisha kutobolewa hivyo bila kujua. Bonyeza visigino vyote viwili kwa kiganja, na kimoja kikishuka zaidi ya mwenzake, acha.

Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kausha kivulini. Jiko la makaa linalainisha gundi, na kazi yote ya fundi inarudi mwanzo.

Kuhusu saizi, usiamini namba ya Ulaya peke yake. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, kisha tafuta CM kwenye kibandiko: 26 ni 41, 27 ni 42.5, 28 ni 44. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa na soksi nene.