Pangani: ukuta au mikoko?

Bahari inakula ufukwe wa Pangani, mkoani Tanga, Tanzania. Kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti na mazalia ya kasa, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kinga zinazozungumzwa ni mbili.

Ukuta wa mawe na zege hufanya kazi tangu siku unapokamilika, na penye nyumba zilizosogelea maji sioni njia nyingine. Ila ni mradi wa serikali na wafadhili, kijiji hakiuwezi. Tena wimbi likigonga ukuta hurudi kwa nguvu, likachimba mchanga wa mbele na wa pembeni. Anayeumia ni jirani asiye na ukuta.

Mikoko ni nafuu kwa fedha, ghali kwa subira. Mbegu yake ndefu huchomekwa topeni maji yakitoka, ncha chini, basi. Ukiipanda kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, itang'oka yote (picha za siku ya upandaji zitabaki). Ikishika, hupunguza nguvu ya mawimbi, hulea kamba na kaa, na kikundi cha kijiji kinaweza kuilinda dhidi ya wakata boriti. Ningejenga ukuta mbele ya mji tu. Kwingine, ilipwe kwanza posho ya walinzi wa mikoko.