Kuchagua PLC ya Mashine Ndogo: Nne Nilizozipanga, kuanzia ya Kwanza hadi ya Nne

Anayenunua PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mashine, kwa ajili ya mashine yenye mota moja au mbili, sensa chache na vali kadhaa, mara nyingi huanza kwa kuuliza chapa. Ushauri wangu ni kwamba aanze na kalamu na karatasi: ahesabu kila swichi na sensa itakayoingiza ishara, kila vali, taa na kontakta (swichi kubwa ya kuwashia mota) itakayowashwa, kisha aongeze robo ya hesabu hiyo, kwa sababu mashine ikishaanza kazi hakosekani mtu wa kudai sensa nyingine.

Linalowaponza wengi ni swali la pili, yaani njia za kutoa ishara ziwe za relei (swichi yenye ncha zinazosogezwa na sumaku ya umeme) au za transista (swichi ya kielektroniki isiyo na kinachosogea). Chukua mashine ya kujaza chupa ambayo vali yake hufunguka kila baada ya sekunde 2. Hiyo ni mara 1,800 kwa saa na mara 14,400 kwa zamu ya saa 8, hivyo zamu saba zikiisha vali imefunguka zaidi ya mara 100,000. Ncha za relei hutoa cheche kila zinapokata umeme wa koili ya vali na huliwa kidogo kidogo, mpaka siku moja zinagandana na vali inabaki wazi huku chupa ikifurika. Transista haina ncha za kuliwa. Tena ndiyo itakayoiendesha mota ya hatua, ile inayosogea hatua moja kwa kila pigo la umeme, kwa kuwa relei haiwezi kutoa maelfu ya mapigo kwa sekunde. Relei ibakie kwa kontakta na taa zinazowashwa mara chache.

Nafasi ya kwanza naipa Modicon M221 ya Schneider Electric, modeli ya TM221CE16T. Ina njia 9 za kuingiza, 7 za kutoa kwa transista na mbili za kupokea volti 0 hadi 10, na hutoa mapigo hadi kilohezi 100, yaani 100,000 kwa sekunde. Kilichonishawishi zaidi ni kwamba programu ya kuiandikia hailipiwi, na kebo ya kawaida ya USB inatosha kuiunganisha na kompyuta. Fundi atakayekuja baadaye hatakwama kwa kukosa leseni.

Ya pili ni Siemens S7-1200, yenye CPU 1214C. Kwa uwezo inaipita ya kwanza: njia 14 za kuingiza, 10 za kutoa, na nafasi ya moduli 8 za nyongeza. Nimeishusha kwa sababu programu yake, TIA Portal, ni ya kulipia na huilemea kompyuta dhaifu. Mashine itakayopanuliwa, au itakayozungumza na nyingine kwa PROFINET (mtandao wa mashine za viwandani), inastahili gharama hiyo.

Delta DVP-14SS2 ni ya tatu: njia 8 za kuingiza na 6 za kutoa, umbo dogo, na programu ya bure. Haina ethaneti, na kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la RS-232 (la mawasiliano la zamani) inalotumia, basi kebo ya kugeuza USB inunuliwe pamoja nayo.

Ya nne ni Siemens LOGO! 12/24RCE. Ina njia 8 za kuingiza na relei 4 za ampea 10, pamoja na kioo na vitufe vinavyomwezesha fundi kubadili muda wa taima bila kompyuta. Kwa pampu, feni au mkanda unaowaka na kuzimika kwa zamu ningeinunua kabla ya hizo tatu. Kwa vali ya chupa zetu, hapana.

Katika bajeti hiyo hiyo iwekwe pia relei ya usalama, yaani ile iliyoundwa mahususi kukata umeme wakati wa hatari. Modeli hizi nne ni PLC za kawaida, wala hazikuundwa kubeba jukumu la kulinda uhai, kwa hiyo kitufe cha dharura kikate umeme wa mota kwa waya kupitia relei hiyo, na PLC ipewe taarifa tu kwamba kimebonyezwa.